Kichwa Kiliuma, Jicho Likafa

Jicho langu la kushoto limekufa, na asiniambie mtu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuingia chumbani kwangu akaziba dirisha kwa gunia. Niliziba mwenyewe, mara nyingi, kwa kujiamini kabisa, na kila nilipoziba nilikuwa naliua jicho. Naandika sasa kwa sababu maumivu yamekwisha, hasira ndiyo imebaki, na nadhani hasira yangu inaweza kumfaa mtu.

Naitwa Mama Eliza. Nachekecha mahindi Kibaigwa, kwenye soko kubwa la nafaka. Miaka ishirini na zaidi nimesimama kwenye soko lile nikiongoza akina mama wanaochekecha kabla mahindi hayajafungwa kwenye magunia na kupakiwa kwenye malori. Asiyejua vumbi aje pale mwezi wa saba, madalali wanapiga kelele, malori yamewasha injini, jua limesimama utosini na upepo unakurudishia usoni kila ulichopepeta. Kuumwa kichwa pale ni jambo la kila siku.

Na mimi nilikuwa ndiye bingwa wa vichwa. Tangu usichana nilikuwa na kipanda uso: upande mmoja wa kichwa unagonga, natapika, sitaki sauti wala mwanga, nalala gizani, kesho yake naamka mzima. Kwa kuwa nilikijua hicho kimoja, nikajiona nimevijua vyote. Mwenzangu akija ameshika kichwa, namtazama tu na kumpa majibu. Hiki ni cha jua, kunywa maji ukae kivulini. Hiki ni cha njaa, hujala tangu asubuhi. Wewe shingo imekukaza mpaka mabegani, ni mizigo na mawazo, mumeo amefanya nini tena? Wewe una homa, nenda kapime damu, acha kumeza vidonge vya kubahatisha. Wewe una mimba kubwa, miguu imevimba, unaona vimulimuli, ondoka hapa uende kituo cha afya sasa hivi. Na wewe unameza vidonge kila siku ya Mungu, vidonge hivyohivyo ndivyo vinavyokuuma. Mara nyingi nilipatia. Wakaniita daktari, nikalipenda jina.

Kichwa kipya kilinijia mavuno ya mwaka juzi, mwezi wa sita, baridi ya Dodoma ilipokuwa imeanza kukata midomo. Jua likizama tulikuwa tunaingia stoo kushona midomo ya magunia chini ya taa moja hafifu. Kichwa kikashika juu ya nyusi ya kushoto, kikashuka mpaka ndani ya jicho lenyewe. Nikainua uso nikaona ile taa imezungukwa na duara la rangi, nyekundu na buluu, kama upinde wa mvua. Nikamwambia mwanamke mmoja wa Kondoa aliyekuwa akishona karibu yangu. Akasema yeye haoni duara lolote, labda nina vumbi machoni. Tukacheka. Nikaenda nyumbani, nikaziba dirisha kwa gunia, nikajifunga kanga kichwani kwa nguvu, nikalala. Asubuhi kichwa hakuna. Nikasema, si unaona, kipanda uso kilekile.

Hakikuwa kilekile, na dalili zote nilikuwa nazo mkononi. Kipanda uso changu hakikuwahi kulifanya jicho kuwa jekundu. Hakikuwahi kunitia ukungu, nikamtazama mtu nikamwona kama yuko nyuma ya moshi wa kuni. Kilikuwa kinakuja saa yoyote, mchana kweupe hata kanisani, lakini hiki kilipenda jioni, stoo, na mahali penye mwanga mdogo. Mwanamke mwingine angekuja na maneno hayo ningemwambia hajui anachoumwa, aende hospitali. Kwangu mwenyewe nikasema ni vumbi.

Mwezi wa saba kikanijia mara nne. Mume wangu, Simioni, ni mtu wa ng'ombe, hana maneno mengi, lakini maneno machache aliyonayo huwa anayachagua vibaya. Akasema kichwa changu kinajua ratiba, kinakuja kazi zikizidi. Nilikaa siku tatu bila kumsemesha. Nikaenda kupima. Malaria haikuonekana, wakanipa dawa ya malaria. Nikarudi, wakasema ni taifodi, nikadungwa sindano siku tano mfululizo mpaka nikawa nakalia upande mmoja. Nikarudi tena, wakapima presha, ikawa juu kidogo, na nani haitapanda baada ya sindano zile? Katika watu wote walionishika mkono, kunifunga mpira na kunitoa damu, hakuna hata mmoja aliyenitazama jicho. Na mimi sikulitaja. Niliulizwa nini kinauma, nikajibu kichwa.

Mwezi wa nane kikaja kile chenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Nilitapika sokoni mbele ya watu, wakanirudisha nyumbani. Nikafanya yale ninayoyajua: gunia dirishani, kanga kichwani, mlango nikaufunga. Simioni alichungulia akauliza kama aite mtu, nikamfukuza. Nilikaa mle ndani Alhamisi, Ijumaa, mpaka Jumamosi. Jicho lilikuwa limekuwa gumu kama kokwa, nilikuwa nalisikia kwa kidole. Nimezaa mara nne, nyumbani na hospitali, na sijawahi kuumwa vile. Nililia huku nimeuma shuka ili watoto wa jirani wasinisikie. Na kila maumivu yalipozidi nilikuwa nasema labda giza halijatosha, nikaamka nikachomeka kitambaa chini ya mlango.

Jumamosi mchana alikuja Eliza. Ni mtoto wangu wa mwisho, anasoma chuo kule Chimwaga, Dodoma mjini. Baba yake alimpigia simu bila kuniambia, na kwa hilo sitamsahau Simioni hata akinikosea vipi. Eliza aliingia, akalivuta lile gunia kwa mkono mmoja, mwanga ukajaa chumbani. Nikamtukana. Akaniziba jicho la kulia kwa kiganja chake akaniuliza ameinua vidole vingapi. Sikuona vidole. Sikuuona mkono. Niliona weupe hafifu upande wa dirishani, basi. Nikamwambia aniache, kitaisha nikilala. Nikamsikia anaanza kulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Tukaenda mjini, hospitali yenye madaktari wa macho. Mabenchi yale ya kungojea nimeyazoea sasa kama nyumbani, lakini siku ile niliyachukia na kila aliyekaa juu yake. Kulikuwa na watu wenye pamba machoni, wengine wameshikwa mkono na wajukuu, wote wamegeuza shingo upande wa mlango wakisubiri jina. Karibu yangu alikaa mzee mmoja wa Kigogo, ana alama ile ya mduara katika paji la uso waliyochanjwa wazee wetu. Akaniuliza ni jicho gani. Nikamwambia la kushoto. Akasema lake ni la kulia, kwa hiyo tukikaa hivi bega kwa bega tunapata mtu mmoja mzima. Nilikuwa na ndoo mapajani ya kutapikia, na bado nilicheka. Mzee yule sikumwona tena, ila namwombea.

Daktari alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Akaniamkia shikamoo, akanishika kidevu, akamulika. Akalibonyeza jicho taratibu juu ya kope kwa vidole viwili, halafu lile lingine. Nikamweleza habari za kipanda uso, malaria, taifodi, nikamweleza na ninavyojitibu.

"Mama, kichwa chako hakina ugonjwa," akasema. "Ni jicho. Maji ya ndani ya jicho yana njia yake ya kutokea, na yako ni nyembamba. Ikiziba, jicho linajaa mpaka linakufa."

"Inazibwa na nini?"

"Mara nyingi ni mwanga mdogo. Giza."

Nikamwambia siku zote nikilala gizani napata nafuu. Akasema uliokuwa unanisaidia ni usingizi. Giza lilikuwa linaniumiza. Alisema kwa upole, na ningependa angesema kwa ukali, maana ukali ningejua namna ya kuujibu. Eliza akauliza kama jicho litarudi. Daktari akasema watashusha maumivu, wataokoa kinachookoka, lakini tusitegemee kuona. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonikalia kifuani miezi yote iliyofuata: jicho la kulia lina njia nyembamba vilevile, na lisiposhughulikiwa litaenda njia hiyohiyo.

Nikapewa matone na vidonge. Vidonge vile vilinipeleka chooni kila mara, vidole vya mikono na miguu vikawa vinachonyota, na soda, kitu ninachokipenda, ikawa haina ladha wala gesi, kama maji ya kusuuzia kikombe. Baada ya siku mbili maumivu yakatulia. Mboni ya jicho ikabaki imepanuka, nyeupe-nyeupe, haitikisiki. Sokoni watu wakawa hawajui wanitazame wapi. Nilimimina chai nje ya kikombe. Niligonga bega kwenye kila mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Siku niliyorudi kazini nilichekecha nikaacha mawe, mwanamke wa Kondoa akayaokota kimya akidhani sioni. Niliona. Nikaenda nyuma ya lori nikalia.

Nikapangiwa tarehe ya kutobolewa jicho la kulia kwa mwanga, kitundu kidogo cha kuyafungulia maji njia, mwezi wa kumi mwishoni, watu ni wengi na mashine ni moja. Majuma yale yote niliishi kwa woga. Nililala na taa inawaka, daktari hakuniagiza, ni woga wangu tu, na Simioni akawa anajifunika uso kwa shuka bila kulalamika. Yeye ndiye aliyekuwa ananitia matone. Vidole vyake ni vya kukamulia ng'ombe, tone la kwanza likaingia puani, la pili sikioni. Nikamwambia hata ndama angekuwa amekwishakimbia. Akasema ndama hana mdomo kama wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka tangu kiangazi kianze. Akawa hodari kuliko manesi, saa ikifika anaacha hata mifugo anakuja kunawa mikono.

Siku yenyewe niliweka kidevu kwenye mashine, nikaambiwa nitazame mbele. Ikalia kama mtu anayebofya kalamu, mwanga ukapiga, nikahisi vichomo vidogo, ikaisha. Nilidhani wanajiandaa. Nikauliza lini wanaanza, wakaniambia niinuke. Nilikaa benchi la nje na uchungu ambao sijui kuueleza. Kitu cha kitoto namna ile! Ningekwenda mwezi wa sita wangenifanyia macho yote mawili, ningewahi kurudi kupika.

Daktari alinifuata pale benchini na faili langu. Akauliza katika ukoo wetu nani alipoteza macho, kwa sababu jambo hili hutembea ndani ya familia. Nikamjibu ni mama yangu. Akauliza aliugua nini. Nikasema aliugua tu, zamani, kijijini. Akaandika. Akasema niwalete ndugu wa tumbo moja wapimwe, hasa mwenye umri kuanzia arobaini. Nikasema nina mdogo wangu mmoja, Ana. Sikusema zaidi.

Sasa niseme nililomficha daktari. Baba yetu alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa mkubwa, na mdogo aliitwa Perisi, sisi tulimwita Mama Mdogo. Mama alipoanza kuumwa kichwa, Mama Mdogo ndiye aliyemuuguza. Alimfunga kichwa kwa vipande vya kanga, akamlaza kwenye pembe ya ndani kabisa ya tembe letu, mahali ambapo hata mchana unapapasa, kwa sababu mama alisema mwanga unamuumiza. Alimwosha macho kwa maji ya chai yaliyopoa. Na mdogo wangu Ana, alikuwa na miaka minne, alikuwa mgongoni mwa Mama Mdogo kutwa nzima.

Macho ya mama yakaenda, moja, kisha la pili. Wakubwa wakakaa kikao. Kwetu jicho haliendi hivihivi, lazima mtu amelichukua, na mke mwenza yupo. Shangazi akaniita mbele ya wazee, mimi nina miaka kumi na miwili, akaniuliza nimemwona Mama Mdogo akimpaka mama nini machoni. Juzi yake Mama Mdogo alikuwa amenichapa kwa kumwaga maziwa. Nikasema nimeona kitu cheusi, kwenye kibuyu, anakificha. Hakikuwapo kibuyu. Niliyaona majani ya chai yakichujwa kwa kitambaa. Nilijua ni chai.

Walimtoa siku ileile, saa za asubuhi, na watoto wake wawili na mkeka kichwani. Ana alimkimbilia mpaka mwisho wa shamba, wakamrudisha amebebwa. Alipofika miaka saba alipewa fimbo, yeye anashika ncha ya mbele na mama anashika ya nyuma, akawa macho ya mama mpaka mama alipokufa. Ndiyo sababu Ana hakusoma. Mimi nilisoma mpaka la saba, nikaolewa Kibaigwa.

Kama Mama Mdogo alimkosea mama, ni kumlaza gizani. Hilo hata mimi nililifanya, kwa jicho langu mwenyewe. Niliulizia habari zake. Amekufa zamani, wakaniambia, na watoto wake hawataki kuona mtu wa nyumba yetu.

Mvua za kwanza zilinyesha mwezi wa kumi na mbili, na hapo Ana akanipigia simu kutoka Kibakwe, ndiko alikoolewa. Alikuwa anapanda mahindi akashikwa na kichwa. Juu ya nyusi, akasema, na jioni anaona taa ina rangi. Nikamuuliza amelala wapi. Akasema ndani, amefunga madirisha. Nikamwambia afungue kila kitu, akae uani, nakuja.

Njia ya Kibakwe wakati wa mvua ni tope na kona, nikafika mchana wa siku ya pili nimechafuka mpaka magotini. Ana alikuwa ndani, hakuwa amefungua chochote. Amejifunga kanga kichwani, jicho la kulia jekundu. Nikafungua madirisha mwenyewe. Nikamweleza habari yote, ya maji, ya njia nyembamba, ya mashine, kwamba jicho langu limekufa kwa kuchelewa siku tatu na lake bado liko hai. Akanisikiliza kama mtu anayemsikiliza muuza sabuni.

Akasema yeye haumwi macho ya hospitali. Akasema tunajua wote yalikotoka. Mama Mdogo alianza na mama, akaja kwangu, sasa yuko kwake, na kufa kwake hakuzuii kitu, maana ameacha watoto. Mganga alikuwa amekwishapatikana, wanakwenda Jumamosi. Nikabishana naye mpaka koo likakauka. Nikalia. Nikatishia kuwaita wakwe zake. Kila nililosema alikuwa na jibu moja, kwamba mimi mwenyewe niliona, nilisema mbele ya wazee, sasa nageuka kwa sababu ya daktari wa mjini?

Jicho lake lilikuwa linazidi kuwa jekundu mbele yangu. Nililijua lile jekundu.

"Ana," nikasema, "sikuona kitu. Ilikuwa chai."

"Chai gani?"

"Aliyomwosha mama. Maji ya chai. Nilimwona akiyachuja. Kibuyu nilikitunga mimi, kwa sababu alinichapa."

Nilisikia kuku nje. Nikaendelea, nikamwambia nilikuwa mtoto, shangazi alinibana, nikaanza kujitetea, na nilipojisikia ninavyojitetea nikanyamaza.

"Miaka tisa nimeishika ile fimbo," akasema.

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa shuleni, kisha kwa mumeo."

Akaifungua ile kanga kichwani, taratibu, akaikunja juu ya mapaja yake. Akachukua simu, akaipapasa, akampigia Eliza, wala si mimi niliyemwambia ampigie. Akamwambia, mwanangu, nakuja huko, nipokee wewe unipeleke. Mama yako asije.

Sikwenda. Nilibaki Kibakwe nikampalilia shamba lake kwa siku nane, kwa jicho moja, nikikata magugu na mara nyingine mahindi. Eliza alikuwa ananipigia. Walimshusha maumivu, wakamtoboa macho yote mawili, la kulia limepoteza kuona pembeni kidogo tu, la kushoto zima kabisa. Eliza akasema manesi wa hospitali wamempenda, anawasimulia mambo ya shamba. Nikamuuliza kama ameniulizia. Akasema mtandao unasumbua. Ana aliporudi nilikuwa nimekwishaondoka, nilijua ndivyo anavyotaka.

Wewe unayesoma ukiwa umejifunga kitambaa kichwani, nisikilize mimi niliyekuwa bingwa. Vichwa havifanani. Kile ulichokizoea tangu utoto kikibadilika hata kidogo, kihesabu kuwa kigeni. Kikikaa juu ya nyusi na ndani ya jicho, jicho likawa jekundu na gumu, ukatapika, ukaona ukungu, taa ikazungukwa na rangi, usilale, usijifungie, usingoje kikupite. Nenda kwa watu wa macho siku hiyohiyo. Ukifika usiseme kichwa. Sema jicho. Na kama kwenu kuna mama au bibi aliyepofuka na mtu akasingiziwa, nenda kapime ungali unaona, na umwombe radhi yule mtu angali hai.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikwenda na Simioni mnadani upande wa Mpwapwa, anauza madume mawili. Watu walikuwa wengi, vumbi limesimama, na mimi kwa jicho moja sioni vizuri mtu akiwa mbali. Nikaona ng'ambo ya zizi mwanamke amesimama kati ya watu, ana kitenge cha njano, nikadhani ni Ana, lakini sikuwa na uhakika, ungeweza kuwa mwanamke yeyote. Nikasogea ili nimtambue. Yeye hakuhitaji kusogea. Aliniona kutoka kule kote, katika watu wote wale na vumbi lote lile, akanitazama moja kwa moja kwa macho yake mawili, akageuka akaenda zake.